Zinki ya Masika: Kisa cha Hamira Iliyokataa Kufa Njaa

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Nchi sitaitaja, zao lililochunguzwa sitalitaja, na mwaka nimeuacha. Mwanafunzi wa uzamivu aliyehusika amesoma maandishi haya na kuridhia, na mtaalamu wa maabara pia. Mimi nilikuwa msimamizi wa pili. Ninakiandika kwa ajili ya wanafunzi na wasimamizi wanaofanya kazi na metali ambazo kiumbe huzihitaji kwa kiasi kidogo mno: zinki, chuma, shaba, manganizi. Kilichotupata sisi kinaweza kuipata maabara yoyote yenye paa la mabati.

Usuli

Seli imezungukwa na utando wa mafuta. Zinki iliyoyeyuka katika maji ina chaji mbili chanya, na kitu chenye chaji hakipenyi mafuta. Kwa hiyo zinki haiingii ndani ya seli kwa kujipenyeza. Lazima ipitishwe na protini iliyopachikwa kwenye utando, protini inayofanya kazi ya mlango na bawabu kwa pamoja. Familia moja ya protini hizo inaitwa ZIP, nayo huingiza metali ndani ya seli. Familia nyingine, ZnT, huitoa zinki nje au kuihifadhi katika vyumba vya ndani ya seli. Jina la ZIP limetokana na milango iliyotambuliwa mwaka 1996 na watafiti wa Marekani: Zrt1 na Zrt2 za hamira, na Irt1 ya mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis.

Mwanafunzi wetu alitaka kujua ni mlango gani unaopeleka zinki kwenye punje ya nafaka moja inayoliwa sana kwetu. Sababu yake ilikuwa nyumbani kabisa. Mtu anayeishi kwa uji na ugali hupata zinki kidogo, na hata hiyo kidogo hushikwa na fiteti, kemikali iliyomo kwenye nafaka, ikapita tumboni bila kufyonzwa. Kila mzazi aliyempeleka mtoto mwenye kuhara zahanati anazijua tembe za zinki. Mwanafunzi alikuwa na hamu ya kuona zinki hiyo ikifika kwenye sahani ya chakula kabla mtoto hajaugua.

Njia aliyoichagua ni ya zamani na haina gharama kubwa. Unachukua hamira iliyoondolewa jeni zote mbili za kuingizia zinki. Hamira hiyo, ikiwekwa kwenye chakula chenye zinki kidogo, hudumaa. Ukiipa jeni ya mmea ikaanza kukua, una dalili kwamba jeni hiyo inatengeneza mlango wa zinki. Pembeni yake unaweka hamira ileile iliyopewa plasmidi tupu, yaani kibebeo kile kile bila jeni ndani yake. Hii isikue. Jaribio zima linasimama juu ya hilo: kwamba hamira ya plasmidi tupu inakaa na njaa mbele ya macho yako.

Kilichotokea

Januari na Februari mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Hamira yenye jeni ya nafaka ilijaa madoa meupe kwenye sahani za aga (jeli ya kukuzia vijidudu), na ya plasmidi tupu haikuota kitu. Picha ilikuwa nzuri kiasi cha kuwekwa kwenye ukuta wa maabara. Machi tulituma muhtasari kwa ajili ya kongamano la Agosti. Nilisaini bila kusita.

Aprili mwanafunzi alirudia jaribio, kwa kuwa sahani zote za Februari zilikuwa zimetengenezwa siku moja na hazikutosha kuitwa marudio. Safari hii hamira ya plasmidi tupu ilikua. Haikukua sana kama ile yenye jeni, lakini ilikua waziwazi. Akarudia tena. Ikakua zaidi.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba hamira imechanganyika na nyingine. Hilo lilikula wiki nne. Tulikagua jeni zilizoondolewa, zikakutwa kweli hazipo. Tukaituma plasmidi isomwe mfuatano wa DNA yake. Ilikuwa tupu kama ilivyopaswa. Hamira ilikuwa ni ileile, na kibebeo kilikuwa ni kilekile. Kumbe hata hamira isiyo na milango hiyo miwili ina njia za uchochoroni. Kuna protini ya Fet4, ambayo kazi yake inayojulikana zaidi ni kuingiza chuma, lakini zinki ikiwa nyingi nje nayo huipitisha. Hili limeandikwa tangu mwaka 2002, na mimi nililijua. Kama ningelitafakari mwezi ule, swali langu lingekuwa fupi: zinki hii nyingi imetoka wapi? Sikuuliza.

Badala yake tuliongeza EDTA, kemikali inayozishika metali ili hamira isizipate. Tuliiongeza mara tatu. Hamira zote zikadumaa, hata ile ya kawaida yenye milango yake yote ikakua kwa taabu. Tukasema EDTA imezidi, tukapunguza, na plasmidi tupu ikarudi kuota. Mei nzima tulikuwa tunapanda na kushuka ngazi hiyo.

Juni kulikuwa na kikao. Msimamizi wa kwanza, mtu ninayemheshimu na ambaye alikuwa na ripoti ya ufadhili mezani, alipendekeza twende kongamanoni na sahani za Februari, kwani zilikuwa halali, na matatizo ya sasa tuyashughulikie baadaye. Mwanafunzi alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Samahani, Profesa. Kama ilikuwa kweli mwezi wa pili, kwa nini isiwe kweli mwezi wa nne?"

Hakuna aliyemjibu. Profesa aliondoa miwani, akaiweka juu ya meza, akasema, "Basi tupe wiki mbili."

Jedwali lililobandikwa ukutani

Katika wiki hizo mbili mwanafunzi hakutengeneza sahani mpya hata moja. Alichukua daftari lake la maabara akaandika jedwali la kila siku aliyotengeneza chakula cha hamira: tarehe, kopo la aga, kopo la unga wa virutubisho, chupa ya EDTA, nani alitengeneza, na plasmidi tupu ilikua au haikukua. Alilibandika ukutani, chini ya ile picha ya Februari. Makopo hayakueleza chochote. Kopo moja la aga lilikuwa limetumika Februari na Mei pia.

Aliyelisoma jedwali vizuri alikuwa mtaalamu wa maabara, mama aliyefanya kazi pale kabla yetu sote. Alisimama mbele yake na kikombe cha chai, akafuatisha tarehe kwa kidole.

"Mwanangu, hapa ndipo mvua ilipoanza."

Mwishoni mwa Machi mtambo wa kukeneka maji uliungua. Ombi la kipuri lilipelekwa, na kipuri hakikuja. Kwa kuwa mji ulikuwa kwenye mgao wa maji, na masika ndiyo yameanza, maabara ilianza kutumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi, yakichujwa kwanza. Mama hakuficha jambo. Kila asubuhi alipima upitishaji umeme wa maji, akaandika kwenye daftari la maji, na kila asubuhi kipimo kilikuwa chini ya mikrosimensi 20 kwa sentimita, kiwango ambacho kanuni yetu wenyewe iliruhusu kwa kutengenezea chakula cha vijidudu. Daftari hilo lilining'inia kwenye msumari kando ya sinki. Hakuna mwanafunzi wala msimamizi aliyekuwa akilisoma.

"Na maji ya tangi yanatoka wapi, Mama?" mwanafunzi alimuuliza.

"Juu ya bati. Yatoke wapi tena?"

Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu. Maji ya mvua, ambayo kwa kawaida yana asidi kidogo, huilamba zinki hiyo na kushuka nayo kwenye mfereji.

Jaribio la kuthibitisha lilichukua siku nne na fedha za mfukoni. Mwanafunzi alinunua famasi maji ya kuchanganyia dawa za sindano, akatengeneza chakula kilekile kwa maji hayo, na kingine kwa maji yetu. Kwenye sahani za maji ya famasi plasmidi tupu haikuota. Kwenye sahani za maji yetu iliota kama kawaida. Tulipopeleka sampuli kupimwa, maji yetu yalikuwa na zinki takriban miligramu 0.9 kwa lita.

Maamuzi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuuondoa muhtasari kwenye kongamano. Msimamizi wa kwanza aliuandika mwenyewe ujumbe wa kuuondoa, bila kusukumwa. Sahani za Februari zilikuwa sahihi, hilo sasa tulilijua, lakini tulilijua Julai. Machi tulipotuma tulikuwa tumebahatisha.

Wa pili ulikuwa kuanza upya kwa usafi wa kiwango kingine. Maji ya kununua hadi mtambo upone. Vyombo vya kioo vililazwa usiku kucha katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha vikasuuzwa kwa maji safi mara kadhaa. Vizibo vya mpira viliondolewa, kwa maana oksidi ya zinki hutumika katika kutengeneza mpira. Glavu za mpira zenye unga nazo ziliondolewa kwa sababu hiyohiyo.

Wa tatu ulizua mjadala mrefu zaidi. Mimi nilidhani kurudia picha ya Februari kwa maji safi kungetosha. Mwanafunzi alisema hapana: kukua ni dalili tu kwamba zinki imeingia, na baada ya yaliyotokea alitaka kuihesabu zinki yenyewe ndani ya seli. Zinki yenye mnururisho, ile ya uzani wa 65 ambayo wengi huitumia, ilihitaji kibali tusichokuwa nacho. Akachagua kuzilisha hamira zinki ya kawaida kwa dakika chache, kuziosha, kuziyeyusha katika asidi na kuzipeleka zikapimwe kwenye mashine ya plazma (inayopima metali kwa gesi yenye joto kali) katika taasisi nyingine.

Hapo kwenye kuosha ndipo pana elimu. Ukuta wa nje wa hamira una chaji hasi na zinki hunasa juu yake kama vumbi kwenye kanga iliyolowa. Ukiipima seli hivyohivyo, unahesabu zinki iliyoko mlangoni pamoja na iliyoko ndani. Mwanafunzi aliziosha hamira kwa EDTA baridi, na kila kundi alilifanyia pacha lililowekwa kwenye barafu. Penye barafu mlango haufanyi kazi, lakini kunasa kunaendelea. Ukitoa hesabu ya barafu kutoka kwenye hesabu ya joto, inayobaki ni ile iliyopitishwa. Katika kundi lake la kwanza, kabla ya kuosha kwa EDTA, hesabu ya barafu ilikuwa karibu sawa na ya joto. Alinionyesha matokeo hayo akiwa amekata tamaa. Kwangu yalikuwa matokeo mazuri kuliko yote ya mwaka ule, kwa kuwa sasa tulikuwa na kipimo kinachoweza kutuambia kwamba tumekosea.

Matokeo

Jeni ile inaingiza zinki. Tofauti kati yake na plasmidi tupu ni ndogo kuliko picha ya ukutani ilivyotufanya tuamini, ila ipo, na imejirudia kwa maji ya famasi, kwa maji ya mtambo uliopona, na kwa mikono ya watu wawili tofauti.

Halafu likaja la kadimiamu, metali yenye sumu. Mwanafunzi alikuwa ameipanga tangu mwanzo kama jaribio la ziada: weka kadimiamu kidogo kwenye sahani, uone kama hamira yenye jeni inaathirika. Hamira zenye jeni zilikufa kwenye kadimiamu ambayo za plasmidi tupu ziliivumilia. Mlango uliokuwa unaingiza zinki ulikuwa ukiiruhusu na sumu.

Hili si ajabu kwa anayezijua protini hizi. Zinki na kadimiamu ziko safu wima moja kwenye jedwali la elementi na zina chaji sawa. Bawabu anayemtambua mmoja hudanganywa na mwingine. Irt1 ya Arabidopsis hupitisha chuma, zinki, manganizi, kobalti na kadimiamu. Kwenye mpunga, mlango wa OsNramp5 ambao mmea unautegemea kwa manganizi ndio huohuo unaoingiza kadimiamu kutoka udongoni. Na sote tunajua kilichowapata wakulima wa bonde la Mto Jinzu huko Toyama, Japani, waliokula mpunga ulionyweshwa maji yenye kadimiamu ya mgodi wa Kamioka, mifupa yao ikalainika na kuvunjika kwa maumivu makali.

Mshirika wetu wa uzalishaji mbegu aliipenda jeni hii na alitaka mwanafunzi aandike juu ya zinki peke yake, kadimiamu iachwe kwa makala ya baadaye. Tulikataa, na safari hii wasimamizi wote wawili tulikuwa upande mmoja. Sura ya kadimiamu imo kwenye tasnifu, na kichwa cha tasnifu kilibadilishwa kiitaje. Alihitimu akiwa amechelewa mwaka mmoja. Sehemu ya mwaka huo aliishi bila posho, na hilo siwezi kulipamba.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa letu wasimamizi, nalo lilikuwa la namna ya kufikiri. Plasmidi tupu ilipokua, tuliichukulia kuwa imeharibika. Tulitumia wiki nne kuichunguza hamira na wiki nyingine nne kuinyamazisha kwa EDTA. Kumbe hamira ile ndiyo ilikuwa shahidi pekee mkweli katika chumba kile. Ilikuwa inasema, kwa lugha pekee inayoijua, kwamba chakula hiki kina zinki.

Kuhusu EDTA ninataka kukaa kidogo, kwa sababu nimewaona wengine wakiteleza palepale. Tulifikiri EDTA inafuta zinki. Haifuti. Inaigawa zinki kati ya ile iliyoshikwa na ile iliyo huru, na mgawo hufuata kiasi kilichopo. Unga wa virutubisho tuliotumia una mikrogramu 400 za zinki salfeti kwa lita, yaani zinki kama mikromola 1.4 (kipimo cha kuhesabu atomu). Miligramu 0.9 za zinki kwa lita kutoka batini ni takriban mikromola 14 juu ya hiyo. Zinki yote ikipanda mara kumi na EDTA ikabaki palepale, zinki huru nayo hupanda kwa karibu kiwango hicho. Zaidi ya hapo EDTA haichagui. Chuma huishika kwa nguvu zaidi kuliko zinki, na jinsi hamira inavyokua na kutia asidi kwenye chakula, ndivyo mshiko wa EDTA unavyolegea. Tulipoiongeza mara tatu tulikuwa tunazinyima hamira mambo kadhaa kwa wakati mmoja, kisha tunasoma njaa yao yote kana kwamba ni njaa ya zinki. Ilitupasa kwanza kuijaribu kwa kurudisha metali moja moja, ili tuione hamira ikiamka kwa zinki na si kwa chuma.

Kipimo cha maji hakikuwa kibovu. Kilipima kile kinachopimwa na upitishaji umeme, yaani jumla ya chumvi, na maji ya mvua yana chumvi kidogo sana. Yalikuwa maji safi kwa kila kazi ya maabara isipokuwa yetu. Kanuni ya mikrosimensi 20 iliandikwa na watu waliokuwa wanakuza bakteria, nasi tukairithi bila kuuliza iliandikwa kwa ajili ya nini. Mtu akitaka kumlaumu mama wa maabara, amsome kwanza: alifuata kanuni, aliandika kila siku, aliweka daftari mahali pa wazi. Tusiolisoma ni sisi, na sidhani tungekaa miezi mitatu gizani kama angealikwa kwenye vikao vyetu vya Jumatatu. Siku hizi anahudhuria.

Kuna kosa lingine lililojificha nyuma ya mafanikio. Tulianza na imani kwamba jeni hii ni ya zinki kwa kuwa mfuatano wake unafanana na familia ya ZIP. Jina la ukoo halitaji metali. Protini ya binadamu iitwayo SLC30A10 imo katika familia ya watoaji wa zinki, ile ya ZnT, lakini mwaka 2012 ilidhihirika kwamba watu waliozaliwa na jeni yake iliyoharibika wana manganizi iliyozidi mno mwilini: inalundikana kwenye ini na ubongo, watoto wanatembea kwa shida, misuli inakakamaa. Kwa upande wa Irt1, mwaka 2000 watafiti walibadilisha asidi-amino moja tu (kijenzi kimoja cha protini), ile ya nafasi ya 103, na protini ikaacha kupitisha zinki huku ikiendelea na metali nyingine. Kwa mabadiliko madogo hivyo, kufanana kwa familia ni pa kuanzia tu. Laiti tungelijaribu kadimiamu, manganizi na chuma katika mwezi wa kwanza, mshirika wetu wa mbegu angelijua mapema anachokitafuta, na mazungumzo yale magumu yasingekuwepo.

Lililofanya kazi ni moja, na halikuhitaji mashine: jedwali. Mwanafunzi alipoacha kutengeneza sahani mpya na kuandika tarehe zote pamoja na zile alizokuwa amezihesabu kama za kutupwa, tatizo likawa na umbo ambalo jicho la mtu mwingine lingeweza kuliona. Kama angekuwa na mazoea ya kuandika majaribio yaliyofaulu tu, masika isingeonekana kwenye karatasi ile.

Kanuni yetu ya maji sasa ina mstari wa ziada. Kila maji mapya, yawe ya mtambo au ya chupa, hutengenezewa sahani mbili zinazopandwa hamira ya plasmidi tupu, na hayatumiki hadi zionekane hazijaota kwa siku tatu. Kipimo cha umeme bado kinaandikwa. Sahani hizo ndizo zinazoamua.

Mwanafunzi, ambaye sasa ni daktari wa falsafa, amerudi kwenye jeni yake akitafuta kama kwa kubadilisha asidi-amino chache anaweza kuifundisha iikatae kadimiamu bila kuipoteza zinki. Wiki niliyoandika haya alikuwa anasubiri sahani za kwanza. Vuli ilikuwa imeanza, mvua inapiga juu ya bati, na kwenye kabati la joto sahani mbili za maji ya wiki ile zilikuwa tupu, bila doa hata moja.